Mkia wa Mzinga wa Nne

Kila alasiri, akishatoka shule na kula, Paskazia alikaa kwenye kizingiti cha jikoni akachonga. Alichonga miiko, alichonga vijiti vya kukorogea uji, na siku moja alichonga bata ambaye mdogo wake aliapa kwamba ni kiatu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na mikono yake haikujua kutulia. Mama yake, Martha, ambaye alishona nguo barazani kwao hapo mjini Tabora, hakuwa na neno na uchongaji. Kilichomkera ni kisu.

"Paska, hicho ni kisu cha nyanya na vitunguu," alimwambia karibu kila siku. "Jana nimehangaika na mchicha kama nakata kamba."

"Nitakinoa, mama."

"Ulisema hivyo juzi."

Wiki moja kabla ya likizo ya Juni, simu ya mama ikaita. Alikuwa babu Emilian, baba yake mama, anayefuga nyuki kule Ipole. Mama aliongea naye kidogo, akacheka, kisha akamkabidhi Paskazia simu.

"Mjukuu wangu, nasikia unachonga," babu alisema.

"Nachonga miiko tu, babu."

"Basi sikiliza. Nina mizinga minane mipya, imekauka, inangoja kutundikwa. Haina alama. Mkono wangu wa kulia siku hizi unatetemeka, na kisu changu kilinidondoka porini mwaka jana, sijakiona tena. Njoo likizo unichongee alama. Hela ya kisu cha kukunja nimemtumia mama yako. Nenda sokoni ukakichague mwenyewe."

Paskazia aliibana simu sikioni. Aliijua alama ile. Ilikuwa mistari miwili iliyosimama na mmoja uliolala juu yake, kama mtoto mdogo anavyochora kigoda. Mizinga yote ya babu ilikuwa nayo. Porini hakuna uzio wala mlinzi. Mtu anatundika mzinga wake juu ya mti, anarudi nyumbani, na miezi inapita. Anayepita chini akiona alama anajua huu ni wa fulani, anaendelea na safari yake. Alama hiyo haikuwahi kukatwa na mtu mwingine isipokuwa babu, na kabla yake baba wa babu. Sasa alikuwa anaitiwa yeye, mchonga bata kiatu. Alifurahi mpaka akaogopa.

Jumamosi alikwenda sokoni na Najiat, rafiki yake wa darasani. Walifikia kwanza kwa Mzee Mfaume, mnoa visu, ambaye kinoo chake kilizungushwa kwa pedeli za baiskeli. Watu wa mjini walimjua kwa kazi yake na kwa kupenda kusimulia kwamba babu wa baba yake alinoa visu vya wapagazi waliopita Tabora na mizigo wakielekea Ujiji.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Leo mmeleta kisu au mmefuata kisu?"

"Nimefuata kisu cha kukunja. Cha kuchongea."

"Kuchongea nini?"

"Alama za mizinga."

Mzee Mfaume aliacha kupiga pedeli. Alifunua kitambaa kwenye trei, akatoa kisu kimoja kifupi, chenye mpini wa mti na bapa jeusi jeusi, kama sufuria iliyochemshiwa chai miaka mingi. Alikikunjua, akazungusha pete ya chuma iliyokuwa shingoni pa mpini.

"Hii pete ikishakaa hapa, kisu hakijikunji kikakuuma. Shika. Kibane kama unachonga. Kiganja kinasemaje?"

Paskazia alikibana. Kilimkaa vizuri, hilo hakuweza kulikataa.

"Sasa tikisa bapa. Linacheza?"

"Halichezi."

"Na ni fupi, si ndiyo? Kwa alama, bapa refu linakuyumbisha bure. Hiki kinashika kutu ukikizembea, lakini kinashika makali pia. Ukikipaka mafuta kidogo, utazeeka nacho."

Maneno yote hayo yalikuwa ya maana, na Paskazia aliyasikia. Tatizo ni kwamba macho yake yalikuwa yameshahamia meza ya pili. Pale kijana mmoja aitwaye Sabiri alikuwa ametandaza tochi, spika ndogo na visu, na katikati yake kilikuwapo kimoja cha mpini mwekundu, kinang'aa mpaka unajiona pua.

"Dada, njoo uone kitu," Sabiri alisema. "Hiki si kisu tu. Una mkasi hapa. Una msumeno, una bisibisi, una kifungulio cha soda, na kijiko hiki hapa. Bei ileile ya mzee."

Alichukua karatasi ya daftari akaikata mara moja, ikaachana vipande viwili safi. Najiat alipiga mluzi. Paskazia akajiona amefika Ipole, anakitoa kisu chekundu mfukoni na watoto wote wa kule wanamzunguka. Akasahau kwamba mizinga haitengenezwi kwa karatasi.

Alipokuwa anakilipia, alimwangalia Mzee Mfaume kwa aibu kidogo. Mzee alikuwa amekwisha kufunika trei yake.

"Sawa, mjukuu wangu. Mkono ni wako," alisema, akaendelea kupiga pedeli.

Likizo ilipofika, babu alimpokea Ipole kwa asali na viazi vitamu. Baada ya kula aliomba kukiona kisu. Alikigeuzageuza, akafungua mkasi, akafungua kijiko, akakitazama kijiko kile kwa muda mrefu.

"Kina mambo mengi," alisema. "Umekijaribu kwenye mti mkavu?"

Paskazia alikuwa amekijaribu kwenye kikonyo cha jani la mpapai, nyuma ya nyumba yao.

"Ndiyo, babu."

"Haya. Kesho asubuhi tuanze."

Mizinga minane ilikuwa imelazwa uani kwa babu, magogo makavu yaliyokombwa ndani. Babu alichora alama kwa mkaa kwenye mzinga wa kwanza, mstari ukipindapinda kwa sababu ya mkono, na Paskazia akaunyoosha. Kisha babu akaenda kusuka kamba za kutundikia, akamwacha na kazi yake.

Kazi ilikuwa ngumu tangu mwanzo. Mpini mwekundu ulikuwa mwembamba na kila kifaa kilichofichwa ndani yake kilimkwaruza kiganja. Bapa lilicheza. Alipokandamiza, lilikwenda upande. Alipolegeza, halikukata kitu. Alama ya kwanza ilimchukua asubuhi nzima. Ya pili na ya tatu zilitoka, ila hazikuwa na kina. Malengelenge yalianza kumtoka, na bado hakutaka kumwambia babu kwamba kisu kinamshinda, maana alishasema amekijaribu.

Kwenye mzinga wa nne, akimalizia mguu wa kulia wa kigoda, kisu kilichomoka kwenye mfereji wake. Kilikimbia chini kwa kukunja kona, kikachimba mti, halafu kikajikunja na kumbana kidole cha shahada. Paskazia aliuma mdomo, akanyonya damu. Jeraha lilikuwa dogo. Alipoondoa kidole akatazama mzinga, alisahau maumivu. Mguu wa kulia wa kigoda ulikuwa umeota mkia.

Kama ungekuwa mkwaruzo tu, angecheka. Lakini kigoda chenye mkia kilikuwa na mwenyewe. Ilikuwa alama ya Mzee Dionis, mtoto wa baba mdogo wa babu, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka pale. Baba zao, wale ndugu wawili, waligawana alama siku walipogawana msitu: mkubwa alibaki na kigoda, mdogo akaongeza mkia. Kwa mkato mmoja wa kuteleza, Paskazia alikuwa amempa Mzee Dionis mzinga wa babu yake.

Alitazama huku na huku. Babu alikuwa nyuma ya nyumba. Karibu na mlango palikuwa na bonge la nta. Alilichukua, akakanda kipande na masizi kidogo, akaujaza ule mkia na kuusawazisha kwa kidole gumba mpaka ukapotea. Akaugeuza mzinga, upande ule ukatazama ukuta. Alimalizia minne iliyobaki juujuu, ilimradi mistari ionekane.

Jioni babu alipita na taa akiigusa mizinga mmoja mmoja.

"Mistari haijaingia ndani sana, lakini inasomeka," alisema. "Kesho tutatundika. Unajua, Paska, nilikuwa nawaza nani ataishika alama hii mimi nikiondoka. Wajomba zako wote wako Dar es Salaam. Sasa siwazi tena."

Chakula kilikuwa ugali na sombe, yaani kisamvu, na Paskazia alipenda sombe kuliko kitu chochote. Siku hiyo hakumaliza sahani. Alifikiria jua la Agosti likipiga ule mzinga juu ya mti. Nta itayeyuka. Mkia utatokea. Mzee Dionis atapita chini, ataona alama yake, atapanda na kuvuna asali. Au babu ndiye atavuna, na mtu atamwona anashuka na asali kutoka kwenye mzinga wenye alama ya ndugu yake. Na babu hatakuwa na la kusema, kwa sababu hatajua.

Asubuhi, babu alipokuwa anaufunga kamba mzinga wa kwanza, Paskazia alikwenda akasimama mbele yake.

"Babu, usiutundike wa nne. Nimeuharibu." Machozi yalimtoka kabla hajamaliza, lakini alimaliza. "Kisu kiliteleza. Nimeufanya wa babu Dionis, halafu nikaufunika kwa nta. Na kisu sikukijaribu kwenye mti mkavu. Nilikudanganya."

Babu aliiacha kamba. Alikwenda kwenye mzinga wa nne, akapitisha ukucha penye nta mpaka mkia ukaonekana wote. 

"Leta tezo," alisema. "Halafu kamwite Mzee Dionis."

"Tezo nitaleta, babu. Lakini tukiparua hapo si itaisha tu? Kwa nini tumwite?"

"Kwa sababu hiyo ni alama yake. Hapa kwetu alama ya mtu haifutwi mwenyewe akiwa hayupo, hata kama imewekwa kwa makosa. Anayefuta peke yake anaitwa mwizi."

Kwenda nyumba ya tatu hakukuwahi kumchosha Paskazia kama siku ile. Mzee Dionis alikuja na fimbo yake, mrefu, mkavu, uso haucheki. Akamsalimia babu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," babu akaitikia. Paskazia akaeleza mwenyewe, tangu kisu mpaka nta, maana babu hakumsaidia hata neno moja.

Mzee Dionis aliinama akauchunguza mkia.

"Umekaa vizuri kuliko ninavyoukata mimi," alisema. "Basi nimepata mzinga wa bure." Aliona Paskazia anarudi nyuma hatua moja, akalegeza sauti. "Natania, mjukuu. Emilian, futa."

Babu aliishika tezo kwa mikono miwili, Mzee Dionis akamsaidia kuituliza, wakaparua gogo mpaka pakawa peupe. Kisha Mzee Dionis akatia mkono mfukoni, akatoa kisu cha kukunja. Paskazia alikitambua kabla hakijakunjuliwa: kifupi, mpini wa mti, bapa jeusi jeusi, pete ya chuma shingoni.

"Tumia hiki," alisema. "Kina umri mkubwa kuliko mama yako."

"Niliona kama hiki sokoni," Paskazia alisema polepole. "Nilikishika, kikanikaa. Nikakiacha kwa sababu hakikung'aa."

Babu alikaa juu ya gogo, akamketisha karibu yake.

"Kuteleza kwa kisu kunampata kila mchongaji. Mimi hapa nina makovu saba, ukitaka nitakuonyesha. Kukosea kuchagua nako ni kujifunza. Safari nyingine jaribu kitu kwenye kazi yenyewe, uamini kiganja chako kabla ya macho. Ila ile nta, Paska, ndiyo iliyoniuma. Ungenyamaza, mwakani mimi na ndugu yangu tungesimama chini ya mti mmoja, kila mtu akimwona mwenzake mwizi, na hakuna kati yetu ambaye angekuwa na kosa. Kosa likisemwa asubuhi, linaparuliwa kwa tezo. Likifunikwa, linatundikwa juu ya mti, na siku ya kulishusha huijui."

"Nimeelewa, babu. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Haya, chonga."

Alichonga. Kisu cheusi kiliingia kwenye mti taratibu, kikatoa maganda membamba yaliyojikunja vizuri, na hakikucheza hata kidogo. Alirudia mizinga yote minane, akaipa mistari kina chake. Kile chekundu babu alikiomba. Alikuwa amekipenda kijiko chake, akasema kitamfaa kuonjea asali. Nacho cha Mzee Mfaume, walikubaliana, Paskazia angekifuata akirudi Tabora, kwa hela ya kazi yake.

Alasiri alikipangusa kisu cheusi, akakipaka mafuta, akamrudishia Mzee Dionis kwa mikono miwili. Mzee hakukipokea. Alikuwa anapapasa alama ya mzinga wa nne, mpya, isiyo na mkia.

"Kaa nacho mpaka kesho," alisema. "Kwangu kuna mizinga sita haijachongwa, na macho yangu siku hizi yanaona mistari miwili palipo na mmoja. Uje asubuhi."

Paskazia alimgeukia babu yake. Babu alikuwa anasuka kamba, anatabasamu peke yake.

"Nitakuja, babu Dionis."

"Ila kwangu mkia uwepo," Mzee Dionis alisema, akaichukua fimbo yake. "Na nta uiache hukuhuku."