Ala Namba 482

Saa 5:20 asubuhi

Chumba cha nyuma cha duka la chipsi, mji wa Accrington, Uingereza. Royle, mkubwa wa genge, alichora ramani kwenye karatasi ya kufungia samaki huku anatafuna chipsi zenye siki. Majambazi wa mji huu hupanga hivyo.

"Mzee Haslam anamzika mkusanyaji mwenzake wa silaha za zamani saa nane. Saa tisa kasorobo karudi. Tunachukua kitu kimoja: singe, kile kisu cha mdomo wa bunduki, ya 1907 yenye kulabu. Doreen ataificha kwa mama yake mpaka mnunuzi aje. Profesa, unaijua?"

Clive, aliyeitwa profesa kwa dhihaka tu, alifumba macho kama mtu aliyetajiwa mchumba. "Jeshi lilizikata kulabu karibu zote. Nimeitafuta miaka kumi na tisa."

"Dakika kumi, Clive," alisema Doreen, dada yake, dereva. "Niko kifungo cha nje. Nikikamatwa tena ni miaka minne, na mama hana mwingine wa kumlisha."

"Naapa, dada."

Saa 8:06 mchana

Kitasa cha mlango wa nyuma kilivunjika. Sebule nzima ilikuwa singe. Wakusanyaji hawa, watu wazima, hupaka mafuta visu vya kutobolea matumbo zaidi kuliko wanavyowapaka watoto wao.

Saa 8:11

Clive aliipata. Alisoma namba mpinini: 482. Akasoma ya kwenye ala iliyoufunika ubapa: 119. Uso ukamshuka.

"Twende," Royle alisema.

"Ala si yake."

"Nani kakuuliza ala?"

"Bila ala yake ni chuma tu! Mzee kazichanganya akisafisha. Ipo humu humu."

Akapiga magoti mbele ya sanduku lenye ala themanini, akaanza kuzisoma moja moja.

Saa 8:29

Doreen aliingia mbio. "Uliapa, Clive!"

"Nimefika ya arobaini, dada. Ngoja kidogo."

"Mpumbavu wewe!"

Royle alimpokonya singe, vidole vyake bado vina mafuta ya chipsi. Clive akapiga ukelele.

"Usishike chuma! Shika mpini!"

Wakamwacha. Doreen alimsubiri garini dakika mbili, za upendo wa bure kabisa, kisha akaondoka.

Saa 8:46

Haslam alimkuta kwenye zulia, ala namba 482 kifuani, analia kwa furaha. Hata kukimbia hakukimbia.

Saa 10:15

Kituoni askari aliuliza mara ishirini wenzake wako wapi. Clive alinyamaza saa nzima, nusura mtu amheshimu. Askari akachoka, akatazama dirishani.

"Na mvua hii."

Clive aliinua kichwa. "Inanyesha?"

"Tangu saa tisa."

Aliiwaza singe huko nje bila ala yake, unyevu ukiitia kutu.

"Nyumba ya kumi na nne, nyuma ya kanisa. Dada yangu Doreen kaificha kwa mama. Gongeni kwa nguvu, mama hasikii vizuri. Na tafadhali, afande, yeyote atakayeichukua avae glavu."