Viatu Juu ya Kabati

Kila alfajiri, sauti ya kwanza aliyoisikia Kijiko ilikuwa ya komeo la mlango. Baba yake alilivuta polepole, akijitahidi asimwamshe mtu, na kila siku komeo lile lilimsaliti kwa kulia hadi chumba cha nyuma. Kisha palikuwa na kimya kidogo, cha mtu aliyeketi kizingitini akifunga kamba za viatu. Halafu hatua zikaanza, puu, puu, puu, zikififia kuelekea barabarani.

Kijiko lilikuwa jina la utani. Alilipata tangu angali mdogo, kwa tabia yake ya kuzunguka jikoni na kijiko mkononi, akionja kila kinachochemka. Baba naye hakunusurika. Mtaani walimwita Kobe, maana katika wakimbiaji wote waliowahi kupita pale, hapakuwa na mwenye mwendo wa taratibu kama wake. Hata wanafunzi waliochelewa shule walimpita huku wakimwamkia.

Kazi yake ilikuwa ushonaji. Kutwa nzima alikaa kwenye cherehani, mgongo umepinda, miguu ikikanyaga pedali. Asubuhi ndiyo ilikuwa saa yake ya kujinyoosha. Alikimbia na jirani yao, kinyozi, hadi kwenye tangi la maji juu ya kilima, kisha wakageuza. Aliporudi, Kijiko alimpokea kwa kikombe cha maji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo nimemwacha kinyozi nyuma."

"Yeye amepita hapa sasa hivi, anasema kakuacha wewe."

"Kinyozi bila maneno mengi atapata wapi wateja?" baba alisema, akanywa maji yote kwa mkupuo mmoja.

Walitaniana hivyo, lakini mbio zile hazikuwa mzaha. Babu yake Kijiko alikuwa fundi wa cherehani hiyo hiyo. Siku moja alianguka pale pale alipoketi, mkasi mkononi. Kiharusi kilimchukua na hakuamka tena. Baada ya mazishi, baba alikwenda kupima, akaambiwa presha yake nayo iko juu. Daktari alimwandikia dawa, akamtaka aufanyishe mwili mazoezi na apunguze chumvi. Baba alitii kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Mwanzoni hakuweza hata kufika duka la kona bila kushika kiuno. Alitembea, akatembea, mpaka kutembea kukawa kukimbia, na presha ikashuka.

Mama ndiye aliyekuwa akipika. Kisha hoteli aliyofanyia kazi ya kufua ikambadilishia zamu, akawa anaondoka mchana na kurudi watu wameshakula. Yeye alikula huko huko kazini. Chakula cha jioni kikawa mikononi mwa Kijiko.

"Unajua kupika, hilo halinitii wasiwasi," mama alimwambia siku ile ya kwanza, akiinua kopo la chumvi. "Ninachokuomba ni hiki. Chumvi ni ya kudokoa tu kwa ncha za vidole. Na vile vidonge vya kuungia mchuzi visiingie humu ndani kabisa. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Jioni hiyo Kijiko alipika maharage. Aliyachagua, akayachemsha mpaka yakalainika, akayaunga kwa kitunguu na nyanya, na chumvi akaidokoa kama alivyoagizwa. Baba alikula nusu sahani. Akasema asante, akaisogeza sahani pembeni, akaenda kumalizia suruali ya mteja. Hakusema neno baya. Lakini Kijiko alibaki ameitazama ile nusu sahani iliyobaki, na roho ilimuuma. Kesho yake mchicha nao ukasogezwa pembeni. Keshokutwa, hivyo hivyo.

Siku ya nne alipitia dukani akanunua vidonge vya kuungia mchuzi, vile vya mraba vinavyofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Alivunjavunja kimoja ndani ya sufuria, na chumvi akaongeza kijiko kizima. Baba alionja, akatulia, akaonja tena.

"Umetia nini leo?"

"Kitunguu na nyanya tu, baba. Nimevikaanga vizuri."

Baba alimtazama kidogo. Kisha akaendelea kula, akaikomba sahani mpaka ikang'aa. "Leo umepika," alisema. Mama aliporudi alimkuta bado anasifu. "Mkono wa mwanao umefunguka. Usione ajabu nikinenepa."

Basi sifa zikamlevya mtoto wa watu. Pakiti ya vidonge akaificha nyuma ya debe la unga, na kila jioni mama akiwa kazini, mkono wake ukajua njia. Dhamiri ilipomsuta, alikuwa na jibu lake. Ni yeye aliyefua fulana ya mbio ya baba, na kila akiitoa kwenye kapu aliona mistari myeupe mgongoni, mahali jasho lilipokaukia. Aliwahi kugusisha ulimi pale. Ilikuwa chumvi tupu. Sasa mtu anayepoteza chumvi yote hiyo kila asubuhi, Kijiko alijiambia, si lazima arudishiwe? Hoja hiyo ilimpendeza sana, na kwa kuwa ilimpendeza, hakumuuliza mtu.

Msimu wa mahindi mabichi ukafika. Katika nyumba ile, Jumapili za msimu zilikuwa na utaratibu wake. Baba aliwasha jiko la mkaa uani, akayapanga mahindi, akayageuza kwa mkono kama mtu asiyesikia moto. Kinyozi alisikia harufu akaja bila kualikwa, kama kawaida yake. Mama, kabla ya kuondoka kwenda kazini, alileta kisahani cha chumvi na pilipili. Kila mtu akachovya, akapaka hindi lake, akatafuna. Kisahani kilipomfikia baba, alikipitisha mbele.

"Jirani, hata punje moja?" kinyozi alimchokoza.

"Mimi langu hivi hivi. Babu wa huyu mtoto alikula vitamu vyote, akatuacha mapema. Mimi nataka nimwone huyu akiolewa, tena nimshonee gauni mwenyewe."

Wote walicheka isipokuwa Kijiko. Alimwona baba yake akitafuna hindi tupu lisilopakwa chochote, na jikoni sufuria ya jioni ilikuwa tayari, imekolea. Aliinamisha kichwa akajifanya anatoa nyuzi za hindi menoni.

Haikupita muda, baba akaanza kulalamika kisogo kinamgonga. Asubuhi moja alishika ukuta alipokuwa akivua viatu. Akaenda kliniki. Aliporudi, alikaa kwenye kiti chake cha kazi bila kugusa kitambaa, na mama, aliyekuwa anajiandaa kwenda kazini, akaketi naye.

"Imepanda kuliko ilivyokuwa mwanzo," baba alisema. "Daktari kaniuliza kama namaliza dawa. Namaliza. Kaniuliza chumvi. Nikamwambia chumvi kwangu ilishahama. Basi anasema huenda mbio ndizo zinanizidi. Nisikimbie tena mpaka sababu ijulikane. Na kaniongezea dawa nyingine."

Kijiko alikuwa mlangoni. Alisikia kila neno.

Jioni hiyo baba alivipiga viatu vyake kizingitini mpaka vumbi likaisha. Akavipangusa kwa kitambaa chenye maji, akavifunga kamba vizuri, akaviweka juu ya kabati. Kulipokucha, komeo halikulia. Kinyozi aligonga.

"Kobe, kumekucha."

"Tangulia, jirani," baba alijibu kutoka kitandani. Kinyozi hakutania. Alisimama kidogo, kisha hatua zake zikaondoka peke yake.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Dawa mpya ilimletea baba usingizi. Alisinzia mbele ya cherehani, na siku moja sindano ikamchoma kidole, damu ikadondokea kitambaa cheupe cha mteja. Alikinyonya kidole, akakitazama kitambaa muda mrefu.

"Nilidhani ugonjwa ule nimeuacha nyuma," alisema taratibu, kana kwamba anajisemea. "Kumbe ulikuwa unanifuata tu."

Kijiko aliogopa kupita kiasi. Kila alipotoka shule alikimbilia kwanza dirishani, achungulie kama baba yake bado ameketi wima. Akaamua kuacha. Hakutia kidonge tena, hakutia kijiko cha chumvi, na hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba presha itashuka yenyewe, viatu vitateremka kutoka juu ya kabati, na siri itafia nyuma ya debe la unga.

Jioni ile ya kwanza, baba alionja matonge mawili akaweka mkono chini.

"Hujapenda, baba?"

"Si wewe, mama. Chakula ni kile kile, wewe mpishi ni yule yule. Ni mimi. Sasa hata ulimi umeanza kupoteza ladha." Alijaribu kutabasamu. "Baba yangu naye alianza hivi hivi kuchoka kabla ya kuanguka. Usimwambie mama yako, atapata hofu bure."

Hapo ndipo Kijiko alipovunjika. Alikuwa amemrudishia baba yake ugonjwa, na sasa, kwa kunyamaza, alikuwa amemwongezea mwingine ambao hata haukuwepo. Aliinuka, akaenda jikoni, akaingiza mkono nyuma ya debe la unga. Alirudi na pakiti, akaiweka mezani kando ya sahani.

"Ulimi wako mzima, baba," alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Ni mimi. Nilikuwa natia hivi. Na chumvi, kila siku. Leo ndiyo sikutia."

Baba aliichukua pakiti, akaigeuza, akairudisha mezani. Kijiko alitamani agombezwe.

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku uliyoniambia leo nimepika."

Baba alipitisha kiganja usoni. "Kesho hutakwenda shule asubuhi," alisema hatimaye. "Tutakwenda kwa daktari, na haya maneno utamwambia mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Kliniki ilinukia dawa ya kusafishia sakafu. Daktari alikuwa mama mtu mzima, miwani imeshuka puani. Kijiko alisema yote, hata ile habari ya fulana na mistari myeupe, huku akitazama viatu vyake vya shule. Daktari hakumkatiza.

"Ile chumvi ya jasho uliiona kweli," alisema Kijiko alipomaliza. "Lakini kwa mbio fupi za asubuhi kama za baba yako, kinachotoka kinarudishwa na kile kidogo mnachodokoa. Ungeniuliza ningekuambia. Na hivi vidonge vyako, sehemu kubwa ni chumvi iliyovaa nguo nyingine." Akamgeukia baba. "Nami nina kosa langu. Nilimuuliza mlaji, sikumuuliza mpishi. Tuanze upya. Mbio bado, tembea kwanza. Tutapima tena, na ikishuka tutaipunguza dawa hii inayokulaza."

Mama aliposikia, aligomba, tena aligomba haswa. Kisha siku yake ya mapumziko alifunga kanga kiunoni akamwita Kijiko jikoni. Alimwonyesha kukaanga kitunguu kwa moto mdogo mpaka kiwe cha kahawia na kutoa utamu wake. Akamfundisha kuchoma nyanya kabla ya kuzimenya, kutwanga kitunguu saumu na tangawizi, na kukamua ndimu sufuria ikishaepuliwa, isije ikawa chungu. Kijiko alionja kila hatua. Mara ya kwanza alizidisha tangawizi, baba akakohoa mpaka machozi. Mara ya pili ilikuwa afadhali.

Walipima tena na tena, na presha ikaanza kushuka. Dawa iliyomletea usingizi ikapunguzwa. Baba alitembea, kinyozi akitembea naye kwa shingo upande, akidai anajishusha hadhi. Msimu ulipokuwa unakatika, daktari alimruhusu kukimbia tena.

Jumapili ile walichoma mahindi ya mwisho, yale yaliyoanza kukomaa, ya kutafuna mpaka taya zichoke. Kisahani kilikuwa na pilipili na vipande vya ndimu tu. Baba alichukua kipande cha ndimu, akakisugua kwenye hindi lake, kisha akampa Kijiko kipande kingine.

"Njoo ukae hapa," alimwambia. Kijiko akaketi kwenye kigoda karibu na jiko.

"Nami nina la kukiri. Siku ile nilipokuuliza umetia nini, ulimi wangu ulishajua. Chakula kilikuwa kitamu, nikaamua kuamini nilichotaka kuamini. Na kabla ya hapo nilikuwa nasogeza sahani bila kusema kitu, nikakuacha ujitafutie jibu. Hilo ni langu."

Aligeuza hindi lililobaki juu ya mkaa.

"Lako ni hili, mwanangu. Chakula kibaya kinavumilika. Mtu anakula, anakunywa maji, anasahau. Lakini anayepika ameshika uhai wa wenzake mkononi, na wao wanakula bila kuchungulia sufuria kwa sababu wamemwamini. Ukitaka kunifurahisha, usinifiche ninachokula. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka. Ulichelewa, lakini ulisema. Ndiyo maana leo nimekaa hapa."

"Nisamehe, baba."

"Nilishakusamehe tangu kliniki. Tafuna hindi lako lisipoe."

Jioni Kijiko alipakua maharage. Baba alionja, akafikiri kidogo.

"Yanataka ndimu zaidi," alisema. "Na kitunguu umekitoa mapema." Kisha akala sahani yote.

Kijiko hakuumia. Alikwenda kulala mapema, akalala fofofo, mpaka alfajiri komeo la mlango lilipolia.