Oili ya Nyati Dhahabu

Upepo ulilifunua turubai, na Mboni akaona bawa.

Boti haina bawa.

Wiki nzima Kariakoo walikuwa wakiambiana kwamba Mzee Mbaruku anaunda boti ndani ya ghala lake la Mtaa wa Sikukuu. Sasa "boti" ilikuwa juu ya trela, ikivutwa na Land Rover 110 katikati ya mvua ya masika, na Mboni akiifuata mbio, viatu mkononi, akikanyaga maganda ya ndizi, mifuko ya rambo na vitu vingine ambavyo hakutaka kuvitazama. Soko zima lilinuka kitunguu kilichooza. Alijibanza kwenye kibaraza cha duka la vitenge, akatoa redio yake ya Motorola.

"Kituo, hapa Saba."

"Saba, ongea." Ilikuwa sauti ya Abdulhadi, mkuu wake.

"Si boti, mkuu. Ni ndege. Inakwenda Jangwani."

"Jangwani kuna mafuriko."

"Ndiyo maana. Tumbo lake ni la boti."

 Watu wote wa Kituo, kikosi cha kupambana na magendo, walikuwa wamepangwa uwanja wa ndege na bandarini, wakisubiri pembe za faru za Mbaruku zipite mlango wa mbele kama mgeni mwenye adabu.

"Nawataka Mbaruku na pembe," Abdulhadi alisema. "Yule mjenzi akifa, shauri yake. Alijipeleka mwenyewe."

Mboni alizima redio. Alijisikia kutema mate, akatema.

Mjenzi alikuwa na jina. Aliitwa Vivek, mtoto wa Mansukhlal muuza vipuri. Aliagiza ramani za ndege kwa posta, akaiunda kwa miaka minne nyuma ya nyumba yao Upanga, kipande kwa kipande. Injini aliitoa kwenye Mazda iliyoharibika, moja ya zile zisizo na pistoni, ambazo ndani yake kuna kipande cha pembetatu kinachozunguka. Zama za ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila kitu kiliingia nchini, kizuri na kibovu, na injini ile iliingia pamoja na makontena ya vyuma chakavu. Kijana alitaka kuruka tu. Siku moja apae kutoka ardhini, atue majini, arudi nyumbani kula.

Mbaruku akasikia.

Huyu zamani alikuwa mkurugenzi wa shirika la umma. Alituhubiria kujitegemea mpaka tukachoka, na milango ilipofunguliwa akawa wa kwanza kuchuuza uozo. Alimkaribisha Vivek amalizie kazi ghalani kwake. Kisha akafunga mlango kwa nje. Nje ya kisiwa cha Mafia meli ya kigeni ilikuwa ikisubiri pembe, na Mboni hakuhitaji kuambiwa Vivek angefanywa nini baada ya kuzifikisha. Bahari haina makaburi.

Siku iliyotangulia Mboni alikwenda Upanga kumwona Madhuben, mama yake Vivek. Bi mkubwa alimvulisha viatu mlangoni, akafuta kiti kabla Mboni hajakaa, akakifuta tena alipoinuka. Nyumba ile ungeweza kulamba sakafu. Mlangoni alimshika mkono.

"Nirudishie mwanangu," alisema.

Mboni akaahidi. Watu wa kazi yake hawaahidi.

Bonde la Jangwani lilikuwa ziwa.

Laiti lingekuwa ziwa la maji. Mvua kubwa ikinyesha, wako watu wa mabondeni wanaotapisha vyoo: wanabomoa tofali moja la shimo, mafuriko yanabeba miezi yote ya familia, bure, mpaka mlangoni kwa jirani. Maji yalikuwa ya kahawia na yalikuwa na povu. Mbaruku alisimama mahali pakavu, buti mpya za mpira miguuni. Vijana wake watatu wenye SMG walikuwa wakifunga mabawa kwa boliti, na Vivek, amekonda, ndevu zimemwota, akiwaelekeza kwa kidole.

Bunduki tatu kwa bastola moja, Makarov yake. Hesabu haikubali.

Mboni alifunga mdomo, akabana pua, akaingia majini mpaka shingoni.

Kitu laini kikamgusa shavu. Hakukitazama. Redio ilizama ikafa. Alijikokota mpaka upande wa pili wa ndege, akafungua mlango mdogo wa mizigo, akajipenyeza gizani kati ya magunia.

Harufu ya humo ilimfanya aone kule nje kuna unafuu. Pembe zilikatwa kwa haraka na nyama ilibaki kwenye mizizi yake. Funza walikuwa wameshakaribishwa. Mboni alisokomeza kilemba chake mdomoni asitapike, na mkono wake ukagonga bati.

Kopo. La njano, lita tano, picha ya nyati ubavuni. Yalikuwa mawili: moja tupu, moja zima.

Alilijua kopo lile kuliko alivyokijua chumba chake. Miezi sita alikuwa akilifuatilia. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye malori, ikachujwa kwa gunia huko vichochoroni, ikatiwa kwenye kopo jipya lenye lakiri na maandishi: NYATI DHAHABU. ASILI. JIHADHARI NA BIDHAA ZA KUIGA. Mafuta ya breki ya Nyati Dhahabu yaliwahi kumaliza basi zima mteremkoni. Mboni ndiye aliyefunika maiti kwa kanga.

Mwenye Nyati Dhahabu alikuwa Mbaruku.

Si kwamba alijinunulia uchafu wake kwa kujua. Alimtuma dereva akalete oili bora kuliko zote, na dereva akaingia duka kubwa akachagua kopo lililopendeza kuliko yote. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Lakini safari hii angeingia na mtoto wa Madhuben.

Angepiga kelele? Mbaruku angemwaga oili ile, angemwagia risasi yeye, na angeondoka salama. Angani hakutakuwa na SMG. Mboni akajibanza.

Injini iliwaka. Haikunguruma kama ndege nyingine, ililia kama mzinga wa nyuki. Maji machafu yaliruka madirishani, ndege ikadunda, ikadunda tena, ikaachia. Juu ya Barabara ya Morogoro watu waliojaa kutazama mafuriko walipiga makofi. Walidhani serikali imewakumbuka. Bibi mmoja aliipungia ndoo yake.

Mboni alitaka kulia kwa hasira.

Paa za Upanga zilipita chini, kisha daraja, kisha bahari. Mbaruku alikuwa amemgusisha Vivek bastola mbavuni huku akimsifia utajiri unaomsubiri.

"Joto la oili linapanda," Vivek alisema.

"Twende."

Mboni alijitokeza kati ya magunia, akiwa na rangi ya Jangwani kuanzia shingo mpaka kucha. Makarov ikagusa kisogo cha mzee.

"Shikamoo, Mzee Mbaruku."

"Marahaba," aliitikia kwa mazoea, kisha mabega yakamkakamaa. Lakini hakuangusha bastola. "Haya, piga. Na mimi kidole changu kitavuta. Tutashuka wote watatu."

Alisema kweli, na alijua.

Mboni alichukua kopo tupu, akamwekea mapajani.

"Hii ndiyo oili iliyomo kwenye injini."

Mbaruku alilitazama. Aliligeuza upande wa pili, akasoma, akaligeuza tena. Bastola haikumtisha, kopo lilimtisha. Jasho lilimtoka puani.

"Geuza ndege," alimwambia Vivek.

"Kwa nini? Ni oili nzuri, ilikuwa na lakiri. Injini hii inakunywa oili kidogo kidogo kila inapozunguka, siwezi kuitilia..."

"Geuza, kijana. Hiyo ni takataka."

"Umejuaje?"

Mzee alimwonyesha nyati wa ubavuni.

"Naitengeneza mimi."

Vivek alimtazama mara moja tu, akalaza bawa. Daraja lilirudi. Moshi wa bluu ukaingia, nyuki wakakohoa, wakakohoa tena.

Wakanyamaza.

Upepo tu. Vivek alishusha pua ya ndege, mikono imetulia. Bonde la kahawia likawa linakuja.

"Tua barabarani," Mbaruku alifoka, akavuta wenzo wa magurudumu.

"Kumejaa watu. Na magurudumu yakiwa chini, majini tunapinduka. Yarudishe."

Mzee aliung'ang'ania wenzo kwa mikono miwili, bastola ikining'inia kidoleni. Mboni aliinua kopo zima, lita tano kamili, akamshushia utosini. Risasi ikatoboa paa. Mbaruku akalegea, na Mboni akausukuma wenzo mpaka magurudumu yakaingia tumboni.

Ndege iliyapasua maji, ikateleza, ikasimama.

Makofi tena kule barabarani.

Polisi waliopelekwa na Abdulhadi walikuwa wamewalaza vijana wa SMG kifudifudi. Mbaruku alizinduka akiwa ndani ya maji mpaka kifuani, buti zimejaa, akatapika, kisha akaomba mtu ampe mkono. Hakuna aliyempa. Abdulhadi alikuwa kando ya lami, leso puani.

"Mzigo?"

"Umo."

"Na yule mjenzi?"

"Anaitwa Vivek."

Mama mmoja mwenye sari nyeupe alikuwa akisukuma watu. Sauti ile ya nyuki ilimtikisia vikombe miaka minne, asingeikosea ilipopita juu ya paa lake. Madhuben hakuvua viatu wala hakuinua sari. Alishuka kwenye kinyesi cha mji mzima mpaka kiunoni, akamkumbatia mwanawe, shavu kwa shavu, na uchafu ukamchafua uso wote.

Hakujifuta.

Mboni alitazama kidogo, kisha akapanda zake kuelekea Kariakoo, watu wakimpisha kwa mbali. Kwenye genge la kwanza akaomba sabuni.

"Ya kweli hii?"

Muuzaji aliigeuza mkononi.

"Sijui, dada. Mimi naiuza tu."

Mboni akaichukua, akaenda kutafuta bomba.