Bendera ya Bi Gadi

Asubuhi nyumbani kwa Shadya ilianza na harufu ya iliki. Viungo vilishuka kutoka Kinole kwenye lori la ndizi, vikalala sebuleni: iliki, mdalasini na pilipili manga. Jua lilipochungulia juu ya milima ya Uluguru, Shadya alikuwa ameshavifunga kwenye vifuko. Mama mkwe wake, Bi Hidaya, aliketi mkekani akichambua pilipili na kunung'unika.

"Iliki hii imevunwa mbichi. Watu wa siku hizi hawana subira."

"Kunywa chai, mama. Inapoa."

"Haipoi. Inanisubiri."

Shadya akacheka. Mume wake alikuwa dereva wa lori, safarini siku nyingi. Nyumba ilikuwa ya wanawake wawili, na wa tatu alikuwa mpangaji wao, Editha, binti wa Matombo. Editha alifanya kazi reli. Alikuwa mkaguzi wa mabehewa: hutembea kando ya treni na nyundo yake ndogo, akikagua magurudumu, breki na viungio.

Soko lilikuwa ng'ambo ya reli, na reli ilipita karibu sana na nyumba hiyo. Siyo ile reli mpya ya treni ya umeme, ambayo ina njia yake yenye uzio. Hii ni ya zamani. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika hapa Morogoro mwaka 1907, na mwaka 1914 ikafika Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Migongo iliyobeba vyuma na mataruma ilikuwa ya Waafrika. Baadaye Waingereza waliichukua. Kisha likaja shirika moja la reli la Kenya, Uganda na Tanzania. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ikaunda shirika lake.

Bi Hidaya hakuyasoma hayo popote. Aliyajua kwa sababu marehemu mume wake, Mzee Abeid, aliajiriwa na shirika la kwanza na kustaafu katika la pili. Alikuwa gadi wa treni ya mizigo. Gadi ndiye mkuu wa treni, na zamani alikaa katika behewa la mwisho kabisa. Treni ilipokuwa tayari kuondoka, alipunga bendera ya kijani. Dereva akiiona, akapiga honi, akaondoka.

Kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Bi Hidaya "Bi Gadi". Jina hilo alilivaa kama khanga mpya.

Na jina hilo lilikuwa na kazi. Njia ya reli ni moja. Treni mbili haziwezi kupishana popote isipokuwa mahali penye njia ya pili, kama stesheni. Basi treni ya mizigo husimama hapo na kusubiri mwenzake apite. Mara nyingi husimama muda mrefu, na mkia wake huziba kabisa kijia cha kwenda sokoni. Wanawake hufika na makapu yao, wakakuta ukuta wa mabehewa.

Hapo humngoja Bi Gadi.

Yeye hufika na mkongojo wake, akatazama mwisho wa treni, akakunja uso.

"Bendera bado," husema. "Piteni."

Nao huinama, wakapita chini ya kiungio, pale behewa moja linaposhikana na jingine. Wamefanya hivyo tangu enzi za Mzee Abeid. Hakuna aliyewahi kuumia.

Asubuhi ile treni ilikuwa imesimama. Ilibeba makontena ya Burundi na Kongo, na nyuma yake saruji. Raya, jirani yao, alikuwa wa kwanza kufika, na kapu la mapapai kichwani.

"Shikamoo, Bi Gadi! Mapapai yangu yanaiva hapa hapa. Vipi leo?"

"Marahaba, mwanangu. Bendera bado. Pita."

Raya aliteremsha kapu, akalisukuma mbele, akainama kulifuata. Shadya alikuwa nyuma yake, ameshika khanga yake isiburuzike.

Haikupigwa honi. Hakuna aliyeona bendera. Kulisikika tu mlio kutoka mbali, upande wa injini. Ta. Kisha ta-ta-ta-ta, ukija mbio, behewa kwa behewa. Shadya hakufikiri. Alimvuta Raya kwa khanga kwa nguvu zake zote. Wakaanguka wote wawili kwenye kokoto. Behewa likaruka mbele kama limepigwa teke.

Treni ilisogea hatua chache, ikasimama tena.

Raya alikuwa mzima. Goti lilichubuka, khanga ilichanika. Lakini chini ya gurudumu kapu lilikuwa limekuwa bapa, na maji ya mapapai yalitiririka kwenye chuma.

Kisha Raya akaanza kulia, taratibu, kama mtu anayeona haya kulia.

Bi Hidaya alisimama na mkongojo wake. "Bendera," alisema. "Bendera sikuiona."

*

Siku ile Bi Hidaya hakwenda sokoni. Hata kesho yake hakwenda. Alikaa mkekani, lakini pilipili hakuzichambua.

"Dereva yule mhuni," alisema. "Kaondoka bila bendera. Enzi za Abeid angefukuzwa kazi."

"Ndiyo, mama," alijibu Shadya.

Baadaye kidogo akasema tena, kwa sauti ya chini, "Nilimwambia apite."

Shadya alimletea uji. Bi Hidaya aliuonja, akaurudisha.

Shadya alikuwa na hofu mbili, na zilivutana. Ya kwanza ilikuwa wazi. Wanawake walikuwa bado wanapita chini ya mabehewa. Asubuhi ya siku hiyo ya pili mmoja alimwuliza, "Bi Gadi anatoka lini? Hatuna wa kututazamia." Mama mkwe wake akirudi pale na kusema "piteni" tena, mtu atakufa. Hofu ya pili hakuweza kumwambia yeyote. Jina la Bi Gadi ndilo lililombakia mama yule kutoka kwa mume wake. Ukimwambia kwamba alichokijua si kweli, umemnyang'anya mume mara ya pili.

Editha aliporudi kutoka kazini jioni hiyo, mikono imejaa grisi, Shadya alimfuata bombani.

"Dada Editha, nakuomba. Zungumza na mama. Lakini polepole."

Editha alisugua vidole kwa sabuni. "Nitazungumza naye. Polepole sawa. Kumficha, hapana. Yeye ni mke wa gadi, dada. Ana haki ya kujua."

Akaingia ndani, akapiga magoti mbele ya mkeka. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kumtetea yule dereva wenu?"

"Nimekuja kuomba vikombe."

"Vikombe?"

"Vya bati. Vyote mlivyo navyo. Na kamba ya katani."

Shadya alivileta. Editha alivipanga sakafuni katika mstari, akavifunga kwa vipande vya kamba, mkono wa kikombe kimoja kwa mkono wa kingine. Hakukaza. Kati ya kikombe na kikombe aliacha kamba ilegee kidogo. Kisha akajaza maji kikombe cha mwisho.

"Hii ni treni ya mizigo," alisema. "Bibi, kiungio cha behewa kimekazwa kabisa?"

"Hakijakazwa. Kina nafasi. Kikikazwa kabisa injini itashindwa kuondoa mzigo wote kwa mara moja. Huondoa behewa moja, kisha la pili." Bi Hidaya alijibu bila kufikiri, kama anayetajiwa jina lake.

"Kweli kabisa. Sasa weka mkono wako hapa, mbele ya kikombe cha mwisho. Usinitazame mimi. Tazama kikombe chako."

Bi Hidaya aliweka mkono. Editha alivuta kikombe cha kwanza, polepole sana. Cha pili kikasogea. Cha tatu. Huko mbele vikombe vilikuwa vikisogea, lakini penye mkono wa Bi Hidaya palikuwa pametulia. Ghafla kamba ikakaza. Kikombe cha mwisho kikaruka, kikamgonga vidole, maji yakamwagika mkekani.

"Lo!"

"Umekiona kikianza?"

"Sikukiona. Kimenirukia."

"Ndivyo behewa linavyofanya. Injini iko mbali, huioni wala huisikii. Wewe uliye nyuma unapata mtikisiko wote kwa mara moja. Hapana nafasi ya kukimbia. Na dereva hakuoni, wala hajui uko chini. Hata akijua, treni iliyobeba mzigo ina uzito wa tani elfu moja na zaidi. Ikiwa mwendoni, akishika breki inaweza kwenda mamia ya mita kabla ya kusimama. Wakati mwingine karibu kilomita nzima."

"Lakini bendera, mwanangu. Bendera haikupungwa."

"Siku hizi dereva na stesheni wanaongea kwa redio, bibi. Wewe uliye njiani huoni kitu. Na wakati mwingine treni haiondoki kwenda safari. Inasogezwa tu, kupisha nyingine, kama jana."

Bi Hidaya alifuta vidole kwenye khanga, kimoja kimoja.

"Kwa hiyo Abeid aliniongopea, aliposema treni haisogei bila bendera yake."

"Mama," alisema Shadya haraka, "Editha hakusema hivyo."

"Sijasema hivyo," alisema Editha. "Bendera ya mzee ilikuwa ya kweli. Lakini ilikuwa maneno ya gadi kwa dereva. Haikuwa ya mtu anayepita chini. Hata enzi hizo kupita chini ya treni kulikatazwa."

"Mbona hakuumia mtu? Miaka yote ile!"

Editha alifikiri. Hakupenda kujibu asilolijua. "Hilo nikuulize wewe, bibi. Sikuwapo."

Shadya aliinuka kuleta tambara la kufutia maji. Aliporudi, alimkuta Bi Hidaya ameshika kikombe cha mwisho, anatazama mbele yake, na macho yake yamebadilika.

"Alikuwa akiinama," alisema.

"Nani, mama?"

"Abeid. Treni ikisimama pale, alishuka behewani kwake. Nilikuwa napeleka chai. Kabla ya kuinua bendera, alitembea kando ya mabehewa yale ya nyuma, akainama, akachungulia chini. Kila behewa. Nilikuwa namcheka. Namwambia, 'Umeangusha nini, mume wangu?' Hunijibu, 'Naangalia tu.'" Alivuta pumzi. "Alijua tunapita. Akatukemea, hatukusikia. Ndiyo maana akawa anainama."

Editha aliitikia kwa kichwa.

"Siyo bendera iliyotulinda," alisema Bi Hidaya. "Ni kule kuinama kwake. Na sasa hakuna anayeinama."

Akalia, na Shadya akakaa naye mkekani juu ya maji yaliyomwagika, akamshika mabega. Hakumwambia anyamaze. Nje treni ya mizigo ilipita ikielekea Kilosa, na vikombe vikagongana kidogo sakafuni.

Alipomaliza kulia, Bi Hidaya alijifuta uso.

"Uji ule uko wapi?"

"Umepoa, mama."

"Ulete hivyo hivyo."

*

Kesho yake Bi Hidaya alikuwa wa kwanza kujifunga khanga. Yeye na Shadya walikwenda kwanza kwa Raya, na fungu la mdalasini.

"Nilikuambia pita," alisema mlangoni. "Nilikosea. Nisamehe, mwanangu."

"Bi Gadi, mbona wanitoa machozi asubuhi yote hii? Ingia basi. Na ule mdalasini usirudi nao."

Kisha wote watatu walikwenda kijiani. Treni ilikuwa imesimama. Wanawake walikuwa pale, makapu kichwani.

"Bi Gadi huyo! Bendera vipi leo?"

"Bendera imekwisha," alisema Bi Hidaya. "Hapa hapiti mtu. Iwe imesimama, iwe haijasimama, chini ya behewa hapapitiki. Tunazunguka kwenye kivuko cha barabara."

"Kule mbali, Bi Gadi! Soko litakuwa limeshachangamka."

"Na mimi mwenye mkongojo niseme nini? Mguu wako umechoka kuliko wangu?"

Wakacheka. Mmoja alibaki akitazama kiungio. Raya alimwonyesha goti lake, kisha doa la papai lililokauka kwenye chuma cha reli. Yule mwanamke akainua kapu lake, akafuata.

Jumapili, siku yake ya mapumziko, Editha alikuja na vikombe vile vile na kuwaonyesha wanawake wote uani kwa Raya. Aliwaambia na mengine. Msianike mpunga wala nguo kwenye reli. Msikae kwenye chuma kuongea na simu. Kwenye kivuko simameni kwanza, tazameni pande zote mbili, sikilizeni. Treni moja ikipita, ngojeni kwanza, maana ile iliyokuwa ikiisubiri stesheni inaweza kuwa inakuja kutoka upande mwingine. Mwenyekiti wa mtaa alisikia, akaomba vikombe vipelekwe na kwenye mkutano wa mtaa.

Siku hizi wanawake wa mtaa ule hutoka mapema kidogo. Njia ni ndefu, lakini huenda pamoja, na maneno huifupisha. Soko huwakuta na viungo vizima na mapapai mazima. Kile kijia cha chini ya mabehewa kimeanza kuota majani.

Kwenye kivuko, hata pakiwa kimya kabisa, husimama wote. Bi Hidaya hutangulia. Huegemea mkongojo, na kwa mgongo wake ule mbovu huinama, huku Shadya amemshika mkono. Hutazama reli upande wa Dar es Salaam. Hutazama upande wa Kigoma. Hachoki wala haharakishi.

"Umeangusha nini, Bi Gadi?" Raya humtania.

"Naangalia tu," hujibu yeye.

Kisha hunyooka, na wote huvuka.