Viungo vya Mti vya Morvanges

Jioni moja ya Oktoba, wageni wa mwisho wa msimu wakiwa wameshapanda treni, Huguette Chassaing alijifunga kitambaa kichwani, akachukua ndoo mbili na kumwambia mumewe, "Naenda kuwanywesha wagonjwa wangu."

Firmin alikuwa akimenya kitunguu saumu. Akacheka. "Nisalimie yule mwenye miguu mizuri."

"Mzee mzima huna hata haya!"

Wagonjwa wenyewe walikuwa vipande vya mti. Mwezi wa sita, Firmin, fundi bomba wa nyumba ya mabafu pale Morvanges, alitumwa kusafisha kinywa cha chemchemi ya maji moto. Chini ya tope akakuta mikono. Kisha miguu. Vichwa, matiti, macho, vyote vimechongwa kwa mti. Wataalamu walisema ni kazi ya watu wa kale, kabla kanisa halijafika bonde lile. Aliyeumwa mguu alichonga mguu akauachia chemchemi, aliyeumwa macho akachonga macho. Na aliyeibiwa aliandika jina la mwizi kwenye bamba la madini, akaliachia chemchemi imshike. Vipande arobaini na kimoja. Meya, Bwana Mercadier, nusura alie kwa furaha. Mji ulikuwa unakufa, hoteli tatu zimeshafungwa, na sasa angefungua makumbusho. Ila mti uliokaa majini miaka elfu mbili hauruhusiwi kukauka. Basi vikalazwa kwenye mabeseni ya bati katika ukumbi wa nyumba ya mabafu, na Huguette, aliyewagawia wageni glasi za maji yale kwa miaka thelathini, akapewa kazi ya kuyajaza kila jioni.

Jioni ile aliufungua mlango wa ukumbi kwa ufunguo. Akawasha taa.

Kulikuwa na mtu ndani.

Mwanamke alichuchumaa kando ya beseni la tatu, amempa mgongo. Vazi lake la sufu nzito lilikuwa na kofia iliyomfunika kichwa, nalo lilichuruzika maji. Tap... tap... tap. Harufu ya mayai viza, ambayo watu wa Morvanges hawaisikii tena kwa mazoea, siku ile ilimkaba Huguette koo.

"Mama, tumefunga," alisema kwa upole, akidhani ni mgeni aliyepotea. "Umepitia wapi?"

Mwanamke hakugeuka.

"Nani amevitoa?" Alinong'ona, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu mwenye maji kooni.

Miaka thelathini ya kuwajibu wageni kwa adabu ilimponza Huguette. Mdomo ulitangulia kabla ya akili.

"Mume wangu. Firmin Chassaing."

Krr... krr... krr...

Mwanamke alikuwa akikwaruza kitu kwa msumari. Bamba dogo, jembamba, la risasi ile ya mabomba ya zamani.

"Firmin..." alinong'ona akiandika. "Chassaing..."

"Unaandika nini? Mama! Unaandika nini?"

Bamba likadondokea ndani ya beseni. Huguette akalifuata kwa macho. Alipoinua uso, hakukuwa na mtu. Michirizi ya maji sakafuni haikuelekea mlangoni. Ilielekea ukutani, ikaishia hapo.

Alitumbukiza mkono kutafuta lile bamba. Hakulipata. Aligusa vidole.

Akautoa mkono wa mti ambao hakuwahi kuuona. Mweusi, laini, mzito kwa maji. Kidole cha shahada hakikuwa na ncha. Firmin alikatwa ncha ya kidole hicho na msumeno, mwaka waliooana.

Alikimbia, ndoo akaziacha hapo hapo.

Firmin alikuwa mezani, kijiko kiko sakafuni, supu imepoa. "Huguette," alisema taratibu, kama anayeogopa kujisikia, "huu mkono nauona. Lakini siuhisi tena."

Usiku ule ule Huguette alirudi ukumbini, akauficha ule mkono wa mti kifuani na kuteremka mpaka chemchemini, aurudishe ulikotoka. Akakuta zege. Wiki mbili nyuma, kwa amri ya meya, Firmin mwenyewe alikuwa amekiziba kile kinywa, akaacha bomba la chuma lisilopitisha hata yai. Huguette alilipiga zege kwa jiwe mpaka kucha zikatoka damu. Halikutoka hata punje.

Akarudi nyumbani, akaamua kuuchoma ule mkono. Kidole kimoja tu kiligusa jiko.

Firmin akapiga yowe chumbani.

Kesho yake beseni la tatu lilikuwa na mguu mpya. Keshokutwa, mguu wa pili. Huguette alijifungia humo ukumbini na taa, akakesha akiyakodolea macho mabeseni. Hakuingia mtu. Alfajiri akahesabu, na kifua kilikuwemo, na kovu la upasuaji wa Firmin limechongwa mahali pake. Daktari alisema ni maradhi ya neva, akaandika dawa. Bwana Mercadier alimpigapiga begani.

"Ulikosea kuhesabu, Bi Huguette. Na vikizidi, si ndiyo baraka?"

Siku ya saba kilikuja kichwa, mdomo umefumbwa. Tangu asubuhi ile Firmin hakusema neno tena. Alilala chali, anapumua, macho yanatazama dari.

Miezi mitatu baadaye lori likaja kutoka mji mkubwa. Vipande vyote vilikuwa vinapelekwa maabara, vikaushwe polepole na kutiwa nta. Huguette aliingia kwenye beseni na viatu vyake, akakikumbatia kile kichwa.

"Hiki hakiendi, Bwana Meya. Chukueni vingine vyote. Hiki ni mume wangu."

Wapagazi wakatazamana. Bwana Mercadier akavua kofia. "Mumeo yuko nyumbani, dada yangu. Umechoka, jamani, umeuguza mno." Alisema kwa huruma ya kweli, na kwa huruma hiyo hiyo wakamfungua vidole, kimoja kimoja. Kichwa kikafungwa magunia yaliyoloweshwa, kikawekwa sandukuni. Msumari wa kwanza. Wa pili. Lori likaondoka likiyumba kwenye mawe ya barabara ya kituoni.

Alipanda kwenda nyumbani akishikilia kuta.

Chumbani kulikuwa kimya. Mchana, dirisha wazi, jua limelala juu ya shuka. Kitanda kile cha chuma hakikutikisika hata kidogo.

"Huguette?"

Miezi mitatu hakuwahi kuisikia sauti ile. Alijitupa kitandani, akamshika uso kwa mikono miwili. "Nipo! Firmin, nipo hapa!"

Macho yake yalimpita, hayakumwona.

"Huguette... mbona giza hivi? Mbona tunatikiswa?"

"Uko nyumbani, mume wangu. Niangalie. Uko kitandani kwako."

Firmin akatega sikio, kama mtu anayesikiliza nyuma ya ubao.

"Huguette," aliita, kwa nguvu zaidi, "uko wapi?"