Jenipher wa Saa Nane Mchana

Soko la alizeti lilikuwa limefurika siku hiyo. Stumai, ndani ya gauni la kitenge cha manjano, alikuwa akimimina mafuta kwenye madumu aliposikia sauti kutoka juu ya ngazi.

"Dada, sogeza madumu yako, nisije nikakuangukia."

"Ukimwaga mafuta yangu utayalamba."

"Na nikikuangukia wewe?"

"Shuka kwanza nikuone."

Akashuka, waya wa intaneti umemning'inia begani. Alikuwa kijana mrefu, mwenye macho ya kucheka, na jina lake Miraji. Stumai alijifanya anahesabu madumu, lakini moyo ulikuwa umeshakwenda.

Miezi minane baadaye, wazee wa Miraji walipeleka barua ya posa kwa baba yake Stumai, huko Mwankoko. Wakaambiwa warudi baada ya wiki mbili kuchukua jibu. Miraji hakungoja. Akafunga ruta ya intaneti katika nyumba aliyopanga mjini, ile watakayoanzia maisha, kisha akamwekea Stumai programu yake kwenye simu.

"Hapa unaona kila kilichoshika waifai yetu, hata ukiwa dukani. Hii simu yangu, hii televisheni, hii simu yako ukija. Vitatu tu, kipenzi. Kikiingia cha nne, huyo ni mwizi."

"Kwa hiyo mimi ndiye mlinzi?"

"Mlinzi gani? Wewe ndiye mwenye nyumba."

Maneno hayo yalimlewesha. Akawa anafungua programu ile kila mteja anapoondoka, aone tu kama mpenzi wake amefika nyumbani.

Jumatatu moja, saa nane mchana, simu ya Miraji haikuwepo kwenye orodha. Televisheni ilikuwa imezimwa. Kilichokuwepo ni kitu kimoja tu: Simu ya Jenipher.

Jumanne, saa nane, Jenipher yupo. Jumatano, yupo tena. Akapiga simu.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Niko Misigiri, juu ya paa. Jua linanichoma kama muhindi. Umenikumbuka?"

"Nyumbani kuna nani?"

"Nyumbani? Hakuna mtu. Funguo ninazo mfukoni. Kwani vipi?"

"Hamna. Nauliza tu."

Jina la Jenipher lilimfika kwenye ulimi, akalimeza. Masikini Stumai! Neno moja tu lingetosha. Lakini aliona kumuulizia mwanamke mwingine ni kujidhalilisha, na alikuwa na kiburi tangu utotoni.

Jioni ile akaenda Mwankoko.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho mekundu?"

"Ile barua, baba. Irudishe."

"Kijana kakukosea nini?"

"Simtaki tu."

Wazee wakarudishiwa barua yao, wakaondoka wameinamisha vichwa. Miraji alipiga simu siku nzima. Stumai akaizuia namba yake, kisha akajifungia stoo na kulia mpaka kilemba kikalowa.

Ikapita miezi mitano. Asubuhi moja fundi mwenzake Miraji, Yeremia, akaingia dukani na boksi dogo.

"Miraji kaniambia nikupe umpelekee mzee wako. Alimwahidi simu ya kupangusa, na ahadi kwake ni ahadi. Ilikuwa aipeleke siku ya jibu la posa."

"Simu?"

"Ya mtumba, lakini nzima. Kaijaza mawaidha, mzee asikilize shambani bila bando. Alikuwa anaiacha nyumbani ikipakua mchana kutwa. Alitaka iwe siri, awashangaze."

Stumai aliiwasha, akaiunga na intaneti ya simu yake. Kwenye kioo cha simu yake likatokea jina la mtu aliyeimiliki kwanza, ambalo hakuna aliyekumbuka kulifuta: Simu ya Jenipher.

Akakaa chini, palepale sakafuni. Alipopata nguvu, akaifungua namba aliyoizuia.

"Miraji. Nisamehe." Akamweleza yote, akikatika kwa kwikwi.



"Yaani ni simu," Miraji akasema. "Miezi mitano nimejiuliza nimekukosea nini. Kumbe ni simu."

"Nakupenda. Sijaacha hata siku moja. Waambie wazee warudi, nitawapigia magoti mwenyewe."

"Stumai... wazee wamepeleka barua kwingine. Imejibiwa. Ndoa ni mwezi ujao."

Akafumba macho. "Unampenda?"

"Akiwa na wasiwasi, ananiuliza."

Hakumjibu swali lake, na Stumai alilisikia hilo. Lakini hakukuwa na la kufanya. Akamtakia heri, naye akamtakia heri.

Jioni akampelekea baba yake zawadi. Mzee aliigeuzageuza kama mtoto, akasikiliza mawaidha, akacheka kwa furaha.

"Nitafutie namba ya yule kijana, nimshukuru. Mtu anayekumbuka ahadi baada ya kukataliwa si mtu wa kuachwa."

Stumai akabonyeza tarakimu moja baada ya nyingine. Hakuhitaji kuzitafuta popote. Ilipoita, akamkabidhi baba yake.

"Miraji, mwanangu! Nimeipata. Mungu akulipe. Sikiliza, mambo ya vijana hurekebishika. Njoo nyumbani tuyazungumze. Utakuja lini?"

Mzee akatega sikio. Tabasamu likamfifia taratibu, kisha akamgeukia binti yake.

Stumai alikuwa ameshainuka, ameenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.