Vikanyagio vya Abiria

Haya yalimpata Sibangani, mtu wa mtaani kwetu hapa Bulawayo. Tangu asubuhi alikuwa ameifumua uani pikipiki ya marehemu kaka yake, ya enzi za mkoloni. Jirani yake Ndabezinhle aliapa kwamba hicho chuma chakavu kikiuvuka mji wa Gwanda, yeye aitwe mbwa. Sibangani akacheka tu. Akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, akakaza spoki, akafunga cheni mpya na shokapu za nyuma. Hakuwa akienda matembezi. Alikuwa akienda Rustenburg, ng'ambo ya mpaka, kumleta kaka yake nyumbani.

Kaka huyo, Mhlupheki, alifia mgodini kule Rustenburg. Tangu hapo alikuwa akimjia mama yao ndotoni, anatetemeka kwa baridi, anauliza mbona hawamfuati. Mama akawa anakonda tu. Dawa yake inajulikana: uende na tawi la mphafa, ule mti wa miiba, hadi pale alipofia mtu, umwite kwa jina, umpakie, urudi naye bila kusema na mwingine yeyote. Na Mhlupheki hakuwahi kupenda kupanda basi.

Alasiri Sibangani akaenda kuijaribu. Tawi alilifunga kwenye kiti cha nyuma aone kama kamba itashika. Kwenye kona ya Esigodini, penye vioo vya magari yaliyopinduka na kuua watu, akasimama kukaza cheni. Ilipokaa sawa akafurahi, akakipiga kiti kofi. "Haya kaka, panda twende nyumbani." Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Shokapu zikashuka.

Alidhani ni upya wake. Lakini njia nzima ya kurudi pikipiki ilikuwa nzito, inahema kwenye kila kilima. Shingoni alisikia pumzi. Hakugeuka. Aliogopa jamani, aliogopa.

Mama alimpokea uani. Akatazama kiti kilichofungwa tawi tu, kisha akatazama chini. Vikanyagio vya abiria, ambavyo Sibangani alikuwa amevikunja kwa mkono wake mwenyewe, vilikuwa vimeshuka. Vyote viwili vilikuwa na udongo mwekundu.

"Umembeba nani?" mama akanong'ona.

"Nilimwita kaka. Kwa utani tu, mama."

"Kaka yako alikatwa mguu wa kushoto, mwanangu. Huyu ana miguu miwili."

Kabla jua halijazama alimrudisha kule konani. Akalitupa tawi, akaomba radhi, akasihi: shuka ndugu yangu, sikukuita wewe. Shokapu zikainuka. Alirudi akilia kwa furaha.

Baadaye akaondoka na tawi jipya. Huko Rustenburg akamwita Mhlupheki kwa jina, na kikanyagio cha kulia kikashuka. Cha kulia peke yake. Safari nzima alizungumza naye, akimtajia mito na madaraja, na kila aliposimama alikitazama. Njia ya kurudi ilikuwa ile ile ya Esigodini. Kwenye kona hakusimama. Hata mwendo hakupunguza.

Langoni mama alilipokea tawi akilia, akamkaribisha mwanawe ndani. Ndugu wakapiga vigelegele, mlango ukafungwa. Sibangani akabaki uani kuzima injini. Akainama.

Kikanyagio cha kushoto nacho kilikuwa kimeshuka, kina udongo mwekundu ule ule, mbichi. Shokapu zilikuwa zimeinuka. Waliopanda, wote wawili, walikuwa wameshaingia ndani.